Tunachangia jeneza, hatuchangii dawa

(Mazungumzo na vijana wa vijiwe vya Kasulu mjini kuhusu kujiandaa na maafa)



Nimeombwa niseme juu ya maafa. Najua likitajwa neno hilo wengi wenu mnaona gari jeupe lenye mlingoti wa redio, turubai, na mgeni mwenye kalamu anayeandika majina. Hapa Kasulu na kule Kibondo tumeishi na picha hiyo zaidi ya miaka 30. Imetukaa vichwani mpaka tunaamini kwamba maafa ni kazi ya wenye magari. Mimi nasema gari hilo siku zote hufika la pili. Anayefika kwanza ni jirani.

Turudi mwaka 1993. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi wa Burundi walimuua Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka huo huo. Nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya 200,000 wakaingia Tanzania, wengi kwa miguu, watoto migongoni na magodoro vichwani. Siku zile za mwanzo kambi za kuwatosha hazikuwepo. Nani aliwapokea? Wanakijiji wa mpakani, walalahoi wasiojua posho wala semina. Kiha na Kirundi ni lugha za kusikilizana, na watu hawa walioana na kuuziana mbuzi tangu kabla wakoloni hawajachora mpaka. Basi wakagawana paa, mihogo na maharage. Hapakuwa na fomu ya kujaza.

Sisemi kwamba ukarimu ule ulikuwa wa bure. Misitu ilikatwa kuni, mazao yaliibwa mashambani, zahanati zilifurika. Walimu na wauguzi wengine waliacha kazi za serikali wakafuata mishahara ya kambini. Na mwaka 1997 serikali ikatumia jeshi kuwakusanya wageni waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma na kuwapeleka kambini, wakiwemo walioishi humo miaka mingi, wakaoa na kuolewa na Watanzania. Ujirani wa miaka ukavunjwa kwa amri ya siku moja.

Na yale magari meupe je? Mtabila ya hapa Kasulu ilifungwa mwaka 2012. Nduta ya Kibondo ilifungwa, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwa mara nyingine. Mwaka 2023 mgawo wa chakula kwa wakimbizi ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Bajeti ikikatwa Ulaya na Marekani, sufuria ya Nyarugusu inapoa. Siwalaumu waliokuja kusaidia. Wameokoa maisha ya watu wengi. Nasema tu kwamba mgeni hufika akiwa amechelewa na huondoka akiwa na ratiba yake.

Kama hamjashawishika, tazameni Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na Burundi. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijazana kwenye ufukwe wake. Mbele ziwa, nyuma milima, gari halifiki. Kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi ule haujaisha watu wapatao 3,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 30 wamekufa, Watanzania wakiwemo. Na chombo cha kuwahamisha watu wale hadi Kigoma mjini kilikuwa kipi? Ni MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini mwaka 1915! Taifa lilikuwa limetimiza zaidi ya miaka 50 ya uhuru, lakini siku ya dhiki likategemea chuma chenye umri wa karne. Kipindupindu hakikuuliza nani mkimbizi na nani mwenyeji. Choo cha jirani yako kikifurika, tumbo lako nalo limo hatarini.

Tazameni na jirani zetu wa Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliwapiga. Watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Michango ikakusanywa nchi nzima, na wananchi wakangoja kujengewa. Januari 2017 Rais Magufuli alikwenda Bukoba akawaeleza bayana kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Wengine walikasirika, wengine walisema ndiyo ukweli. Mimi nachukua funzo moja: aliyengoja kauli ya mkubwa alilala nje miezi minne, na aliyekuwa na ndugu na majirani wa kumshikia nguzo alianza kujenga mapema.

Sasa tujitazame wenyewe. Karibu kila mtaa hapa una chama cha kuzikana. Mtu akifa, saa hiyo hiyo daftari linatoka, turubai linafungwa, kuni zinafika, vijana mnakwenda kuchimba kaburi bila kulipwa. Hakuna mkuu wa wilaya aliyewafundisha. Hiyo ni kamati ya maafa kamili, isipokuwa ina kasoro moja: inaanza kazi mtu akishakufa. Mgonjwa akiwa hai tunampa pole. Akifa tunampa mchango. Tunachangia jeneza, hatuchangii dawa wala nauli ya kumfikisha hospitali!

Pendekezo langu ni dogo. Lichukueni daftari lile lile mlipe kazi ya mapema.

Kwanza, andikeni kila nyumba ya mtaa wenu. Nani mzee asiyeweza kukimbia? Nani mjamzito? Nani haoni? Andikeni pia nani ana gari, nani ana pikipiki, nani amewahi kujifunza huduma ya kwanza, na nani anashika ufunguo wa shule, kwa kuwa mvua ikibomoa nyumba usiku ndiko watu watakakolala.

Pili, kila mchango wa kuzikana ukatwe kidogo uwekwe mfuko wa dharura. Ninyi wa bodaboda mpangiane zamu za usiku: mama mjamzito akibebwa, mafuta yalipwe na mfuko, na dereva asidai nauli barabarani.

Tatu, kila nyumba ijue kumwokoa anayeharisha. Kama hakuna pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visijazwe kilima. Mpe kidogo kidogo huku mkimkimbiza zahanati. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, na saa chache zinatosha kuua.

Nne, andikeni ukutani pale kijiweni namba za simu za zahanati, za mwenyekiti wa mtaa, na 114 ya Zimamoto.

Nasikia mtu kule nyuma ananong'ona: "Basi serikali ipumzike, tufanye sisi?" Hapana, ndugu yangu! Jirani asigeuzwe kisingizio cha wakubwa kulala usingizi. Kodi tunalipa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwepo kamati za maafa kutoka taifa hadi kijijini. Basi nendeni kwenye mkutano wa wananchi, ambao kisheria ni kila miezi mitatu, mkaulize maswali matatu: Wajumbe wa kamati yetu ni akina nani? Walikutana lini mara ya mwisho? Wametengewa shilingi ngapi? Mkijibiwa kwa porojo, ombeni jibu liandikwe kwenye muhtasari. Vigogo hawaogopi kelele za kijiweni, wanaogopa maandishi.

Na mtaa wenye daftari huuliza kwa nguvu zaidi. Asiyejua hata idadi ya nyumba zake atadai nini kwa mkurugenzi? Mwenye orodha anasema: tuna wazee kadhaa, wajawazito kadhaa, pikipiki hizi, fedha hizi; sisi tumefanya letu, lenu liko wapi?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Masika hayako mbali, na mpaka wetu na Burundi uko pale pale. Jumapili hii, kabla ya mpira, kila kijiwe kitoe vijana wanne na daftari moja la shule. Waanze na nyumba ya kwanza ya mtaa, wapige hodi.