Mlo wa Mtoto wa Mbwa Mdogo Anayekua: Mada kwa Wafugaji wa Ikombe



Kila anayechukua mtoto wa mbwa huuliza ampe chakula kiasi gani. Naomba tutangulize swali jingine: mara ngapi? Katika nyumba nyingi mbwa hupewa ukoko na ugali uliobaki, mara moja, usiku, watu wakishashiba. Mbwa mzima atavumilia. Mtoto wa mbwa wa umbo dogo hawezi. Kwa kila kilo ya mwili wake anahitaji karibu mara mbili ya chakula cha mbwa mzima, na tumbo lake ni dogo. Ukimlundikia mlo wa siku nzima usiku, kesho yake mchana sukari ya mwilini imekwisha, analegea na kutetemeka. Tangu aache kunyonya hadi miezi 3 apewe mara 4 kwa siku. Hadi miezi 6, mara 3. Baada ya hapo mara 2.

Sasa kiasi. Mwenye miezi 2 na kilo 2 anahitaji takribani kilokalori 350 kwa siku. Unga wa mahindi gramu 60, kama nusu kikombe, upikwe ugali laini, uchanganywe na usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) wakavu gramu 40, kama viganja viwili. Gawa mafungu manne. Mpime kila wiki kwa mizani ya kuning'iniza, akiwa ndani ya kapu, na uzito ukipanda chakula kipande. Akipita miezi 4, kiasi kwa kila kilo kinashuka hadi kama theluthi mbili.

Hao usipa wasikosekane. Huliwa pamoja na mifupa yao, na humo ndimo ilimo chokaa ya kujenga mifupa; anayelelewa kwa ugali mtupu miguu hupinda. Lakini usipa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka nyavu hurudi nyepesi, na wa kwanza kupunguziwa ni mbwa. Tuweke akiba ya wakavu kwa siku hizo, tuwaoshe mchanga kabla ya kupika. Wabichi wachemshwe, kwa sababu samaki mbichi huweza kuwa na minyoo.

Tumbo kubwa lisitudanganye. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zisikike chini ya ngozi bila kuchomoza. Zikichomoza huku tumbo limevimba, mara nyingi tatizo ni minyoo, na kuongeza ugali hakusaidii. Apate dawa kwanza.

Jambo linaloniumiza zaidi ni mahindi yaliyoota kuvu. Kwa mvua za wilaya yetu ya Kyela hayakosekani, na tukiyakataa sisi tunampikia mbwa. Sumukuvu huharibu ini lake upesi kuliko letu. Yatupwe mahali asipofika.

Na kokoa. Tunaianika uani, mtoto wa mbwa anacheza hapo hapo. Kiganja kimoja cha mbegu kavu kinaweza kumuua mwenye kilo 2, na maganda yake pia ni sumu. Tuanike juu ya chanja, au afungwe mbali. Akitapika, akahangaika na moyo kumwenda mbio, tusipoteze muda kumnywesha maziwa. Apelekwe kwa ofisa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama safari ni ya mtumbwi.