Paka na Panya Usiku wa Krismasi

Someni polepole pamoja nami. Mwalimu awasaidie wanaochelewa.

Leo nitawaeleza picha moja ya kuchekesha. Paka anaitwa Tom, panya anaitwa Jerry. Watoto wenu huwajua kwa televisheni, lakini picha hii ilitolewa kwanza katika majumba ya sinema ya Marekani, mwaka 1941. Walioitengeneza ni Bwana William Hanna na Bwana Joseph Barbera. Ndani yake hamna paka wa kweli. Yote yamechorwa kwa mkono. Picha 24 hupita mbele ya macho yetu kwa sekunde 1 tu, nasi twaona paka anakimbia.

Sasa kisa chenyewe. Ni usiku wa kuamkia Krismasi, na nje kuna theluji. (Wakaao Moshi huiona kwa mbali, juu ya Kilimanjaro.) Jerry anacheza chini ya mti wa Krismasi. Anamgonga Tom bila kumjua, na mbio zinaanza. Mwisho Jerry anapenya katika tundu la barua mlangoni, anatokea nje. Tom analiziba tundu.

Basi, Tom ameshinda. Anajilaza karibu na moto. Lakini usingizi hauji! Anageuka huku, anageuka huku, anautazama mlango. Hasemi neno, ila uso wake twausoma kama barua. Watu wengine huona hapa picha imepoa, kwa kuwa hawacheki. Mimi napapenda kuliko penginepo pote. Mwenziwe yuko nje katika baridi, na aliyemfungia ni yeye mwenyewe. Atamlaumu nani?

Tom anatoka. Anamkuta Jerry amekauka kwa baridi kama kijiti. Anamchukua ndani, anampasha moto mpaka anazinduka, kisha anampa pipi yenye umbo la bakora.

Je, wamekuwa marafiki? Ngojeni kidogo. Tom anainamia bakuli lake anywe maziwa. Jerry anamzuia upesi! Anachovya bakora yake ndani ya maziwa, anaopoa mtego wa panya. Aliyeuficha humo ni nani? Ni Jerry.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni sentensi 2: Kwa nini Tom hakupata usingizi? Na Jerry angenyamaza, ingekuwaje? Juma lijalo mwalimu atawasomea majibu yenu. Kwaherini.