Wosia: Neno la Mwenye Mali Angali Hai

Mada iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata



Wapo wakazi wengi wanaochangia chama cha kuzikana kila mwezi bila kukosa. Daftari hutiwa saini, stakabadhi hutunzwa, na hakuna anayesema kwamba mchango huo ni uchuro. Lakini wakazi hao hao, wakitajiwa wosia, hugeuza uso na kudai kuwa anayeuandika anajitabiria kifo. Ni ajabu kidogo: jeneza huandaliwa fedha, ilhali nyumba, shamba na watoto huachwa bila neno.

Wosia ni tamko la mtu mwenye akili timamu kuhusu namna anavyotaka mali yake igawanywe atakapofariki. Haumnyang'anyi chochote. Aliyeuandika leo anaweza kuuza shamba kesho, na anaweza kuubadili wosia wenyewe maadamu yu hai.

Uchukuliwe mfano wa mzee mwenye wake wawili, nyumba, shamba la ekari sita, na ng'ombe aliowakabidhi kwa rafiki yake katika kijiji cha jirani. Anafariki ghafla. Hati ya shamba haijulikani iliko. Rafiki anakumbuka ng'ombe wanne. Mtoto mkubwa alisikia saba. Kikao cha ukoo kinaketi mara tatu bila kukubaliana ni nani apendekezwe kuwa msimamizi wa mirathi, na pasipo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, fedha zilizomo benki hazitoki. Mtoto aliye chuoni anarudi nyumbani kwa kukosa ada. Katika familia hiyo huenda hakuna hata mwizi mmoja. Kilichokosekana ni maandishi ya mzee mwenyewe, yakitaja mali, wadeni wake na wanaomdai.

Kwa Tanzania Bara, taratibu za wosia wa kimila zimo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Wosia wa maandishi huandikwa kwa wino, si kwa penseli, ukiwa na tarehe na saini ya mwosia, au alama ya dole gumba kwa asiyejua kuandika. Ajuaye kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kwa kila upande. Wosia wa mdomo nao hutaka wanne, lakini wosia wa maandishi haufutwi kwa wosia wa mdomo. Mashahidi wawepo pamoja, na anayetazamia kurithi asiwe miongoni mwao. Mke au wake walioko nyumbani wakati huo nao hutakiwa kuwepo. Hapo ndipo wanaume wengi hukosea, kwa kudhani kuwa wosia ni siri ya kufichwa wenza wao.

Kwa Waislamu, mwosia anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake kwa wasio warithi. Iliyobaki hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa na sheria ya dini.

Mtu hausii kisicho chake. Ardhi ya ukoo haigeuki kuwa mali binafsi kwa sababu imeandikwa katika karatasi, wala sehemu ya mke katika mali waliyochuma pamoja haigawiwi na mume. Anayekusudia kumnyima mrithi fungu lake hana budi kulitamka jambo hilo wazi na kutoa sababu. Kulikaa kimya jina la mtoto ni kuandaa kesi. Wanawake wenye viwanja, mifugo au akiba katika vikundi nao wanastahili kuandika. Mali ya mama hugombaniwa vilevile.

Wosia uliofichwa chini ya godoro huliwa na mchwa, au huonwa kwanza na yule ambaye haumpendezi. Unaweza kuhifadhiwa kwa wakili, au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao pia husaidia kuuandika. Anayetajwa kuwa msimamizi aulizwe mapema kama anakubali, kisha aelezwe mahali wosia ulipowekwa. Ikiwa baadaye mtoto amezaliwa au kiwanja kimeuzwa, wosia uandikwe upya kwa utaratibu ule ule wa mashahidi, na ule wa zamani ufutwe kwa maandishi.