Mboga Zioshwe Kabla ya Kukatwa
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Huenda mwauliza mboga zimeingiaje katika mkutano wa chama. Zimeingia kwa mlango wa mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri wake siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12. Homa ya matumbo yaweza kuzimaliza zote. Na kibarua wa kutwa akilala siku moja, hapati hata senti.

Baadhi ya sukuma wiki tunazokula Nairobi hunyweshwa maji machafu ya mito na mitaro. Jani laweza kuja na mayai ya minyoo na viini vya kuhara. Mboga ikiiva vizuri, moto huviua. Basi hatari kubwa imo katika kachumbari, maana nyanya, vitunguu na dhania havioni moto kabisa.

Desturi yetu ni kumwambia mama wa mboga akatekate sukuma, kisha tunaziosha nyumbani. Huko ni kuanza na mwisho. Kisu hueneza uchafu kila kinapopita, na vitamini C hutoka na maji tunayomwaga. Chukueni majani mazima. Simlaumu mama huyo; sisi ndio tunaosema, "Kata nyembamba!"

Najua maji twanunua kwa mtungi. Si lazima kujaza karai. Nawa mikono, kisha mmoja amwage kwa kopo kidogo kidogo, mwingine asugue jani mbele na nyuma. Anzeni na vya kachumbari, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya maji. Dhania fungueni fungu lake, mchanga hukaa shinani. Sabuni msitie. Chumvi hutoa wadudu, lakini msiitegemee kuua viini. Dawa za shambani nazo hupungua kwa kuoshwa, haziishi zote.

Sasa wawakilishi wa kazini: kesho mkifika kantini, tazameni kachumbari inaoshewa wapi. Kama ni ndoo moja tangu asubuhi hadi saa saba, leteni habari kwa katibu, tumwulize mwajiri bomba liko wapi.