Daktari gani usingekubali akuguse?

Haya niliyazungumza na vijana wenzetu wa kata ya Mwandoya, wilayani Meatu, nikiwa likizo. Waliokosa nafasi wameomba niyaandike. Kelele za jenereta nimeziondoa. Mengine nimeyaacha kama yalivyonitoka.



Mwenyekiti wa vijana aliniambia, "Dada, njoo utufundishe sheria kidogo." Mimi bado ni mwanafunzi, siyo wakili, kwa hiyo atakayekuja kesho kuniambia nimsimamie kesi ya shamba nitamkimbia. Leo sitaanza na Katiba. Nitaanza na ule mchezo wa juzi kijiweni.

Waliokuwepo wanakumbuka. Tumetoka kibanda umiza, muvi imekatika katikati kwa sababu ya umeme, tukabaki tunabishana. Mmoja akauliza: katika madaktari wote wa muvi na vitabu vya kisayansi, hawa wa kubuni, ni yupi ambaye hata ukiwa unakata roho usingekubali akutibu?

Wa kwanza kutajwa alikuwa Doctor Strange, yule wa muvi ya 2016. Sababu ilikuwa nzuri. Kabla hajapata ajali na kuanza mambo ya uchawi, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji anayechagua wagonjwa. Ukiwa na ugonjwa utakaomharibia rekodi, hakutaki. Mwingine akamtaja Daktari Moreau, wa riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1896, anayewapasua wanyama wakiwa macho kule kisiwani ili wafanane na watu. Huyo alikataliwa kwa kura zote.

Mimi nikataja mashine. Kwenye muvi ya Prometheus ya mwaka 2012 kuna kitanda kinachopasua chenyewe, hakina daktari wala nesi. Mwanamke anakikimbilia, ana kitu tumboni kinachotaka kumuua, mashine inamjibu kwamba imepangwa kwa wagonjwa wa kiume tu. Wavulana walicheka. Wasichana waliokuwepo hawakucheka sana. Watu wanasafiri nyota kwa nyota, lakini aliyeweka mpango wa mashine hakuwaza kwamba mwanamke naye anaumwa! (Mwishowe aliilazimisha, akapona. Siwaharibii, ni muvi ya zamani.)

Sasa mbishano ukaishia hapo, kila mtu akaenda kulala. Mimi sikulala. Na leo nimekuja kubadilisha jibu langu. Siyo mashine. Ninayemkataa ni Victor Frankenstein.

Ngojeni. Najua mnadhani namkataa kwa sababu ya maiti. Wengi tunamjua kwa picha ya lile jitu lenye nyuzi usoni. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1818, na Mary Shelley alianza kukiandika akiwa na miaka 18, mdogo kuliko wengi mliokaa hapa. Kwenye kitabu Frankenstein wala si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo, kama mimi. Anaunda kiumbe chake usiku, kikifumbua macho anaogopa anakimbia. Baadaye kile kiumbe kinamuua mdogo wake. Anakamatwa msichana mtumishi wa nyumbani kwao, anaitwa Justine. Victor anajua kabisa kwamba msichana hana hatia. Anakaa kimya, anaogopa wataona ana wazimu. Justine ananyongwa.

Kwa hiyo namkataa kwa kile kimya chake. Mtu aliyefanya jambo mwilini mwa mwingine, anajua alichofanya, hasemi, na anayeumia ni mtumishi asiye na wa kumtetea. Mtaelewa kwa nini baada ya muda.

Kukataa daktari siyo mchezo wa muvi tu. Nchi hii imeshuhudia kwa macho. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma, mchana, ametoka bungeni. Madaktari wa hospitali ya mkoa pale Dodoma walimfanyia upasuaji wa kwanza, na tuwape haki yao, bila wao tusingekuwa na la kuzungumza. Kisha likaja swali: aende wapi? Serikali na Bunge walitaka Muhimbili, huo ndio utaratibu. Familia na chama wakasema Nairobi. Usiku uleule ndege ikaruka, na Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji. Mpaka leo waliompiga risasi hawajafikishwa mahakamani.

Wapo waliosema ule uamuzi ni dharau kwa madaktari wetu. Mimi nasema hapana. Hakuna aliyesema daktari wa Muhimbili hajui kushona mshipa. Waliokataa walikuwa wanauliza swali jingine: mgonjwa akiwa kitandani hajitambui, nani analinda mlango? Mgonjwa hawezi kusema, ndugu wanasema kwa niaba yake. Hiyo ndiyo ridhaa.

Na madaktari wenyewe wanalijua hilo. Juni 2012, wakati wa mgomo wa madaktari, kiongozi wao Dk. Steven Ulimboka alitekwa, akapigwa vibaya, akaokotwa msitu wa Mabwepande. Alitibiwa kwanza Muhimbili na wenzake, halafu siku chache baadaye akapelekwa Afrika Kusini. Huyo ni daktari! Na mgomo wenyewe ulikuwa juu ya nini? Pamoja na mishahara, walilia kuhusu vifaa na mazingira ya kutibia. Tukiwalaumu madaktari tukumbuke na hilo.

Lakini angalieni kitu kimoja kwenye habari ya Lissu. Kukataa kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na ndege, na michango ya watu. Ndege inapaa kwa hela. Sasa nihamie huku kwetu, kwa mtu asiye na ndege.

Mama yangu mdogo ameniruhusu nisimulie, ila jina lake na la hospitali niyaache. Alikwenda kujifungua mtoto wa pili. Uchungu ulikaa muda mrefu, wakamhamisha kutoka kituo kwenda hospitali, na gari lilisubiri mafuta mpaka baba mdogo akakope hela ya pamba kabla pamba haijauzwa. Alipofika akawekewa karatasi mbele. Hajui kusoma Kiswahili vizuri, sembuse hiyo iliyokuwa imeandikwa Kiingereza. Wakamshika dole gumba, likapakwa wino, likabandikwa. Kisha nusu kaputi. Aliamka ana mtoto hai, wa kike, sasa anasoma chekechea. Aliruhusiwa baada ya siku kadhaa na vidonge kwenye bahasha.

Miaka minne alitafuta mtoto mwingine. Miaka minne! Ng'ombe wameuzwa. Wamekwenda kwa nfumu mmoja, wakaenda kwa mwingine, wakaambiwa ni jirani. Kuna mama mmoja mzee pale kijijini alianza kuangaliwa vibaya, na ninyi mnajua huku kwetu kuangaliwa vibaya kunaishia wapi. Baba mdogo akaanza kusikia maneno ya kuoa mke mwingine. Mwaka jana tukachangishana, akaenda Mwanza kupimwa kwa ultrasaundi. Mpimaji akamuuliza kwa upole, "Mama, ulitolewa kizazi lini?"

Hakujua, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Sasa tuongee sheria, maana ndiyo mliniitia. Inawezekana yule daktari aliokoa maisha yake. Damu ikitoka bila kukatika baada ya kujifungua, wakati mwingine kutoa kizazi ndiyo njia pekee iliyobaki. Kwenye dharura daktari hasubiri kikao cha ukoo. Kanuni ya Adhabu yetu inamlinda anayempasua mtu kwa nia njema na uangalifu, kwa faida ya huyo mgonjwa. Mimi siwezi kusimama hapa nikasema alikosea kukata. Sijui, na faili sijaliona.

Ila dharura inaisha. Alilala wodini siku kadhaa, anaongea, anakula uji. Kila asubuhi mtu anapita kusoma faili lake. Hakuna dharura inayomzuia mtu kuvuta kiti na kusema, "Mama, tulilazimika kufanya hivi, na maana yake ni hii."

Uingereza, ambako tumerithi sehemu kubwa ya sheria yetu, mahakama kwa muda mrefu zilifuata kesi ya Bolam ya mwaka 1957. Kwa kifupi, daktari hana kosa kama madaktari wenzake wenye sifa wangefanya vilevile. Yaani walimu wanasahihishana mitihani yao wenyewe. Mwaka 2015 ikaja kesi ya Montgomery. Mama mwenye kisukari, mwili mdogo, mtoto mkubwa tumboni. Daktari wake alijua kuna hatari mabega ya mtoto kukwama, hakumwambia, kwa hoja kwamba wanawake wakiambiwa watataka operesheni wote. Mtoto akakwama, akapata ulemavu. Mahakama ya Juu ikasema hapana: kuhusu kumweleza mgonjwa hatari na njia nyingine zilizopo, kipimo ni yale ambayo mgonjwa mwenyewe angetaka kuyajua. Hukumu hiyo haizibani mahakama zetu, lakini wakili anaweza kuishika mkononi akaingia nayo. Na Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Kizazi chako si jambo muhimu kwa maisha yako?

Upande wa pili kuna saa inayokimbia. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe kama huu. Ukitaka kuishtaki Serikali unatanguliza notisi ya siku 90. Yeye amegundua baada ya miaka minne. Je, muda umeisha? Hapo ndipo kimya cha Frankenstein kinakuwa hoja ya kisheria. Kama ukweli ulifichwa kwa udanganyifu, muda unaanza kuhesabiwa siku ulipougundua. Lakini je, kunyamaza ni kuficha kwa udanganyifu? Ningepewa swali hilo kwenye mtihani ningeandika kurasa kumi bila kuwa na uhakika wa jibu. Njia nyingine ni malalamiko ya kitaaluma kwa Baraza la Madaktari, ambalo halikulipi fidia ila linaweza kumwajibisha daktari.

Nilimweleza mama mdogo yote hayo, nimejaa moto, na madaftari yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, nikiwashtaki, huyu mtoto akiumwa homa usiku nitampeleka wapi?"

Nilikosa jibu. Na nikamuuliza swali lenu la kijiweni, daktari gani angemkataa. Akadhani namtania.

Kwa hiyo mnielewe nikisema kwamba nyumbani kwake ule mchezo wetu hauchezeki. Kukataa kunahitaji uambiwe, na kunahitaji pawe na pengine pa kwenda. Hilo la pili ni kazi ya bajeti, na mwaka 2001 kule Abuja marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Tutalibishania kwenye kampeni. Hilo la kwanza halina gharama hata ya bando. Ni mdomo tu.

Mwulize mtu anayetaka kukukata: unafanya nini, kwa nini, na nisipokubali itakuwaje. Kama karatasi ni ya Kiingereza, sema isomwe kwa Kiswahili au Kisukuma kabla ya dole. Ukitoka, omba muhtasari wa faili. Wasindikizeni mama zenu, na ninyi wavulana pia, msikae nje kwenye bodaboda mnachati.

Mama mdogo hataki kesi. Nimemheshimu. Alichokubali ni barua, ya kuomba nakala ya faili lake, basi. Nimeiandika kwa Kiswahili, nikamsomea mara mbili, akanirekebisha sehemu moja. Safari hii hakuweka dole. Alichora jina lake mwenyewe, herufi kubwa kubwa, na ilichukua muda. Jumatatu tunaipeleka pamoja.