Uendapo kwa Tabibu wa Tiba Asilia
Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao



 

Ndugu zangu, mama zangu na baba zangu, leo nimeombwa niseme juu ya tiba asilia, na najua mada hii yagusa nyumba zetu nyingi. Kila Ramadhani ikikaribia, wagonjwa wetu wa sukari na wa presha huanza kutafuta namna ya kufunga bila vidonge. Hapo ndipo chupa za mitishamba huanza kuingia nyumbani, tena nyingine kwa siri.

Sikuja kuwaambia kuwa tiba asilia ni uongo. Tumefundishwa na Mtume wetu kuwa kila ugonjwa Allah aliouteremsha ameuteremshia na dawa yake, na sote twajua alivyosifu asali, habasoda na hijama, yaani kuumika. Hata hizo dawa za hospitali, nyingi asili yake ni miti. Metformin, kidonge ambacho mgonjwa wa sukari hapa akijua kama jina lake, kimetokana na utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao galega. Dawa ya malaria iitwayo artemisinin ilitolewa kwenye majani ya mmea wa Kichina na Bi. Tu Youyou na wenzake, miaka ya 1970, baada ya kupekua vitabu vya matabibu wa kale wa kwao. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini tazameni alivyofanya. Alikitoa kile chenye nguvu ndani ya jani, kikajaribiwa kwa wanyama, akakimeza yeye mwenyewe, kisha wakapewa wagonjwa, mpaka ikajulikana ni kiasi gani chaponya na kiasi gani chadhuru. Ile chupa ya maji ya rangi ya chai uliyouziwa kituo cha basi, nani amepima kilichomo?

Haya, sasa tuseme umeamua kwenda. Jambo la kwanza ni kujua unayemwendea ni nani. Siku hizi kuna watu wa namna nyingi wanaojiita madaktari wa tiba asilia, wengine hujiita natropathi. Huko Marekani na Kanada, baadhi ya majimbo yana sheria: natropathi husoma chuo miaka minne, hufanya mtihani na hupewa leseni. Majimbo mengine hayana sheria hiyo, na jina lile lile laweza kubebwa na mtu aliyesoma kwa posta. Kwetu Kenya, daktari wa hospitali huandikishwa na baraza la madaktari na ana namba yake unayoweza kuiulizia. Waganga wa mitishamba kwa miaka mingi wameandikishwa na idara ya utamaduni. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliagiza itungwe sheria ya kusimamia tiba za asili. Kwa hivyo ukiona cheti chenye muhuri ukutani, kisome. Cheti cha utamaduni hakisemi kuwa mtu huyu amesoma figo na ini.

Na muulize. Usione haya! Umesoma wapi, kwa nani, miaka mingapi? Dawa hii ni mti gani? Nitajie jina lake. Ina madhara gani? Nikizidiwa usiku, nifanye nini? Tabibu mkweli hukasirika? Hakasiriki. Anayekwambia kuwa mchanganyiko wake ni siri ya ukoo, na kwamba unatibu sukari, presha, saratani, UKIMWI na ugumba kwa pamoja, huyo mshukuru kwa maneno mazuri kisha chukua viatu vyako. Dini yetu haikuliacha jambo hili. Imepokewa kwa Abu Daud kuwa mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara atakayoleta. Na imepokewa pia kuwa Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kujua tiba.

Kuna na hizi mashine. Mgonjwa hupewa kifimbo cha chuma akishike, dakika moja tu, kompyuta inatoa karatasi ya maradhi thelathini, na dawa zake ziko pale pale kwenye kabati, kwa elfu kadhaa. Wengine husoma mboni ya jicho. Jambo la macho limepimwa: mwaka 1979 huko Marekani wasomaji wa macho walipewa picha za watu 143, wengine wana ugonjwa wa figo, wengine hawana. Hawakuweza kuwatofautisha. Ugonjwa wa sukari hujulikana kwa kupima damu. Presha hujulikana kwa kile kitambaa cha mkononi. Hakuna njia ya mkato.

Sasa nije kwenye lililonileta hasa. Hatari kubwa niionayo, ndugu zangu, ni siri. Mama anakunywa uwatu na maji ya karela asubuhi na jioni, na daktari wake hajui. Uwatu na karela kweli hushusha sukari, hapo tabibu hakukudanganya. Lakini mama huyo huyo anameza na kidonge cha glibenclamide, ambacho nacho chashusha, na juu yake amefunga tangu alfajiri. Saa tisa alasiri anatoka jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki, na watu wa nyumbani wanasema ni swaumu imemkaza. Muda ukipita anazirai. Tangawizi nyingi na kitunguu thaumu, zikichukuliwa kama dawa, zaweza kumtoa damu anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande. Shubiri huendesha tumbo na kupoteza chumvi za mwili, na mama mjamzito asiiguse kabisa. Asali ni shifaa, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe, kwani yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi.

Na zaidi ya hapo, kuna unga ambao si miti mitupu. Mwaka 2009 huko Xinjiang, China, watu wawili walikufa baada ya kutumia dawa iliyouzwa kama ya kienyeji ya sukari. Ilipopimwa, ndani yake mlikuwa na glibenclamide ya kiwandani, kupita kiasi. Ndiyo maana dawa ya mitishamba ikikupa nafuu ya ajabu siku ya kwanza, furaha yako iwe na shaka ndani yake.

Siri ya pili ni kuacha vidonge kimya kimya. Mwakumbuka kikombe cha Loliondo, mwaka 2011? Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge aliuza kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania, na magari yalitoka hata huku Kenya. Foleni ilikuwa ya maili na maili, wengine wakafia njiani. Miongoni mwa waliokunywa wako walioacha dawa za UKIMWI na za sukari wakidhani wamepona. Virusi havikuondoka. Ukiambiwa na yeyote, awe na kilemba au koti jeupe, acha dawa za hospitali ndipo yangu ifanye kazi, jua hapo ndipo pa kusimama.

Lakini haki isemwe. Wagonjwa wetu hawafichi bure. Kule hospitalini umekaa foleni tangu saa kumi na mbili, ukaingia, daktari hakukutazama usoni, na ulipotaja mitishamba akakufokea mbele ya watu. Tabibu wa kienyeji amekukalisha, amekuuliza walala vipi, amemuuliza na mumeo. Madaktari wetu vijana walioko hapa walisikie hili: mgonjwa akitaja habasoda, uliza anakunywa kiasi gani, uandike.

Kwa kuumika, hakikisheni wembe ni mpya na mmeuona ukifunguliwa, na vikombe ni safi. Homa ya ini na UKIMWI hupita kwenye damu. Mwenye upungufu wa damu asiumikwe.

Wenye sukari, nendeni kliniki kabla mwezi haujaandama. Bebeni chupa zote mfukoni, na za mitishamba pia. Wengine watahamishiwa vidonge futari na daku, wengine wataambiwa wasifunge, na ruhusa hiyo imo ndani ya Qur'ani. Mkifunga, pimeni sukari mchana. Maulamaa wengi wamesema kudunga kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9, fungua hapo hapo, hata kama adhana imebaki dakika kumi.

Walio na chupa majumbani wasizozijua, wazilete kesho baada ya alasiri, tuzisome pamoja.

Wabillahi tawfiiq.