Gari Letu Linaturusha: Maongezi ya Dereva Mbele ya Wanachama

(Maongezi haya yalitolewa na dereva wa gari la ushirika katika mkutano wa wanachama. Katibu ameyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku hiyo.)



Nimeambiwa niseme juu ya gari. Najua wengi mnangoja nijitetee, maana tangu mayai ya akina mama yavunjike maneno yamekuwa mengi. Sitajitetea. Nitaeleza tulichokikuta chini ya gari na tulichokifanya. Halafu kuna deni langu moja, nitalifikia.

Gari letu ni lori dogo la tani tatu, tulilinunua likiwa limekwisha tumika. Kazi zake mnazijua. Wakati wa mavuno ni alizeti kwenda kukamuliwa Singida Mjini. Miezi mingine ni vitunguu, kuku na mayai. Na mgonjwa akitokea usiku anakaa mbele na mimi. Likibeba magunia ya alizeti linatulia kama ng'ombe aliyeshiba. Likibeba mayai tu linaruka kama mbuzi. Safari ile mnayoijua tuliondoka na trei 60, yaani mayai 1,800. Tulipofika sokoni tukahesabu yaliyopasuka: 214. Na wiki ile ile nilimchukua mama mmoja mjamzito kumpeleka hospitali. Njiani akaniomba nimshushe atembee kwa miguu. Jamani, mtu mwenye uchungu anaomba kutembea! Hapo ndipo nilipoona haya.

Wengine walisema ni barabara. Ni kweli, kiangazi barabara ya vumbi inafanya mawimbi kama bati la nyumba. Lakini wachuuzi wanapita njia hiyo hiyo na mayai yao yanafika. Kwa hiyo barabara ina lake, na sisi tuna letu.

Tuanze na upepo. Tairi ya upepo yenyewe ilianza kupendwa kwa sababu ya kurushwarushwa. Kulikuwa na Mskoti mmoja, John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo katika mji wa Belfast, huko Ireland. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na barabara za mawe zilimtikisa mno. Baba akayavisha magurudumu mipira iliyojazwa upepo, na mwaka 1888 akapata hati ya uvumbuzi huo. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kulibuni jambo hilo zaidi ya miaka 40 kabla, ila halikushika. Basi kazi ya upepo ni kubeba mzigo, na pia kupokea kishindo ili kisifike kwa mtu. Ukiujaza kupita kiasi unakuwa umerudi kwenye gurudumu la mkokoteni.

Na hilo ndilo nililokuwa nalifanya. Nilifundishwa na madereva wa zamani kwamba tairi ngumu ndiyo tairi nzima. Naipiga kwa chuma, ikilia vizuri naridhika. Kijana wa kujaza upepo naye anasoma namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi, anajaza mpaka hapo. Tulipoazima geji tukakuta tairi za mbele zina 92, za nyuma 95, na moja ya ndani ina 60 tu. Hebu fikirini: kule nyuma tairi zimekaa mbili mbili, moja ngumu moja laini, kumbe mzigo wote unabebwa na ile ngumu!

Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni upepo wa kubebea mzigo wake wa mwisho kabisa. Si upepo wa kila siku. Upepo wa kila siku unafuata uzito. Wazungu wanaosafiri na magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, wana shida kama yetu, maana gari lao limejengwa juu ya lori au basi. Wanachofanya ni kulipima uzito, magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, halafu wanafuata jedwali la mtengenezaji wa tairi. Sisi tukaomba kwenye mzani wa kiwanda kimoja cha kukamua alizeti. Tulipima mara mbili: likiwa na mayai, na likiwa na magunia. Tofauti ilitushangaza. Likiwa na mayai, kila tairi ya nyuma haibebi hata nusu ya ile inayobeba wakati wa alizeti, na mimi nilikuwa nazijazia sawasawa mwaka mzima.

Sasa tunaweka 60 mbele na 50 nyuma kwa mzigo mwepesi. Kwa alizeti tunarudi 85 nyuma kabla ya kupakia, si baada ya kufika. Namba hizi ni za gari letu, kwa tairi zetu na uzito tulioupima. Mwenye gari lake asizichukue hivi hivi. Asome bango lililo mlangoni. Na asije mtu akasema dereva kasema upepo upunguzwe tu. Tairi yenye upepo mdogo na mzigo mkubwa inajikunja ubavuni, inapata moto, mwishowe inapasuka, na tairi ya mbele ikipasuka tutazungumza habari nyingine hapa. Upepo upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi. Likishatembea, namba inapanda yenyewe kwa joto. Ukiipunguza hapo, kesho utakuta tairi imelegea.

Upepo ulituliza kidogo, haukumaliza. Tukaingia chini ya gari.

Shokapu, au shokamzoba kama wengine wanavyosema, watu wanadhani ndiyo inayobeba gari. La. Inayobeba ni springi. Springi ikishabonyea inataka kuruka, kisha kurudi, kisha kuruka tena. Shokapu ni bomba lenye mafuta, na ndani yake kuna kitu kinachosukuma mafuta hayo yapite kwenye matundu madogo, ndiyo maana ule mruko unakufa mapema. Tulikuta mbili za nyuma zimevuja, mwili mzima una mafuta yaliyoshika vumbi. Moja ya mbele raba za kwenye boliti zimekwisha, inagonga chuma kwa chuma. Fundi alinionyesha kipimo rahisi: tembea mwendo mzuri kwenye barabara mbaya, simama, gusa kila shokapu kwa uangalifu. Nzima inakuwa na joto kwa sababu imefanya kazi. Iliyokufa ni baridi. Tulibadilisha zote nne. Wengine walisema tubadilishe zile mbovu tu. Mimi nilikataa, kwani mpya na iliyochoka zikiwa kwenye ekseli moja gari linakwenda upande.

Lakini kosa kubwa lilikuwa kwenye springi, na hili sikulitegemea. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameongeza majani mawili kila upande wa nyuma ili abebe zaidi ya tani tatu. Springi ya namna hiyo ikibeba mayai haijui hata kama kuna mzigo. Tukayatoa, likabaki kama lilivyotoka kiwandani. Pini za springi nazo zilikuwa zimeshika kutu, hazijaona grisi sijui tangu lini, kwa hiyo springi ilikuwa haichezi kabisa. Grisi, ndugu zangu! Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja, na kupaka grisi ni kazi yangu mimi.

Jingine ni upakiaji. Trei tulikuwa tunazipanga mkiani kwa sababu ni rahisi kushusha. Mkiani ndiko kunakorushwa zaidi, maana kuko nyuma ya magurudumu. Siku hizi zinakaa karibu na kebini, juu ya magunia ya mahindi yanayokwenda mjini, na yale magunia yanasaidia kuikalisha springi.

Safari iliyofuata tulichukua tena trei 60. Yalipasuka mayai 11. Katibu alihesabu mwenyewe.

Sasa lile deni. Yale mayai 214 alikatwa utingo wetu kwenye posho yake. Ilisemwa kwamba hakupanga vizuri, na wengine wakaenda mbali zaidi wakasema alikuwa anayauza njiani halafu anavunja mengine kuficha. Mimi nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilijua gari linarusha, nikanyamaza, kwa sababu kama kosa si la utingo basi ni la dereva. Kijana yule alikuwa ameniambia mara mbili kwamba tairi ni ngumu mno, nami nikamjibu kwamba hajawahi kushika usukani. Ndugu Mwenyekiti, naomba iandikwe kwenye daftari kwamba hakuiba na hakuzembea. Fedha aliyokatwa naomba arudishiwe, na ikatwe kwangu mimi kwa miezi mitatu.

Mwisho, geji. Ile tuliyoazima imerudi kwa mwenyewe. Kamati imekubali tununue yetu, itakaa stoo pamoja na pampu ya grisi. Utingo ndiye atakayepima kila asubuhi kabla ya safari na kuandika namba kwenye daftari, nami nitatia sahihi chini yake. Akikataa gari lisiondoke, haliondoki.